Mkeka wa Wiki Tatu Milimani: Maswali Yenu ya Baiskeli

Barua za safari hii nyingi zimetoka njia ya Reli ya Kati, Tabora hadi Kigoma. Maneno ni tofauti lakini swali ni lile lile: kati ya watu wote wanaoanza mbio za baiskeli za wiki tatu, yaani Tour de France ya Ufaransa, Giro d'Italia ya Italia au Vuelta a España ya Hispania, unamjuaje mapema atakayebaki juu wiki ya tatu, milima ikishawala wenzake? Walioomba tuwatajie jina moja tu tumewaruka. Waliouliza njia ya kulifikia jina, majibu yenu haya hapa.

Sisi ni vijana wanane wa Isevya, Tabora. Kila Julai tunakutana kibanda umiza na kila mtu anaandika majina matano ya watakaomaliza juu Tour de France. Mwaka 2025 tulijaza walioshinda hatua za wiki ya kwanza, mkeka ukachanika wote. Tulikosea wapi?

Wakuu, mlihesabu ushindi, na jezi ya njano haihesabu ushindi. Inajumlisha muda. Hatua ni 21 ndani ya siku 23, siku mbili za mapumziko, na jezi inakwenda kwa aliyetumia muda mfupi kuliko wote ukijumlisha hatua zote. Mathieu van der Poel alishinda hatua ya 2 mwaka ule na akavaa njano, lakini huyo ni bingwa wa vilima vya dakika mbili tatu. Mlima wa dakika 40 ukianza, anaachia na kupanda taratibu na wenzake wenye miili mizito, mradi wasipitwe na muda wa mwisho wa kufika. Kumweka kwenye tano bora ni kuuchana mkeka kwa mkono wako mwenyewe.

Anzeni kwa kukata. Orodha ya 2025 ilikuwa na timu 23 za watu 8, yaani watu 184. Kila timu ina kinara mmoja, mara chache wawili. Waliobaki ni wasaidizi wa kuziba upepo, kubeba maji na kumpa kinara gurudumu akipata pancha. Hapo mmebaki na watu 25 hivi. Futeni timu zilizokuja na mtu wa kasi wa mita 200 za mwisho, na zile zinazowinda hatua tu. Sasa mko kumi na tano au pungufu. Kisha wekeni sharti gumu: mtu awe amewahi kumaliza kumi bora katika mbio za wiki tatu, au awe tano bora katika mbio za milima za wiki moja msimu huo huo.

Mbio za kuangalia ni Paris–Nice na Tirreno–Adriatico za mwezi Machi, kisha Tour de Romandie, na juu ya zote Critérium du Dauphiné (tangu 2026 inaitwa Tour Auvergne–Rhône-Alpes) na Tour de Suisse za Juni. Wengi wanazidharau hizi za Juni wakidhani ni mazoezi. Mwaka 2025 tatu bora za Dauphiné zilikuwa Tadej Pogačar, Jonas Vingegaard na Florian Lipowitz. Tatu bora za Tour mwezi uliofuata? Hao hao, kwa mpangilio huo huo. Oscar Onley aliyekuwa wa 3 Tour de Suisse akamaliza wa 4 Tour. Kabla ya hapo Bradley Wiggins 2012, Chris Froome 2013, 2015 na 2016, Geraint Thomas 2018 na Vingegaard 2023, wote walishinda Dauphiné na Tour mwaka mmoja. Mkeka wenu ulikuwa umelala hadharani tangu Juni, hamkuuokota tu.

Mkishabaki na majina saba au nane, chukueni karatasi ya daftari. Kila jina mstari wake. Kwa kila hatua ngumu andikeni makadirio ya anachopoteza kwa aliye bora siku hiyo; anachopata msikiandike, kwa kuwa faida ya mmoja tayari imo kwenye hasara za wenzake. Jumlisheni. Mwenye jumla ndogo ndiye wenu.

Tuipime karatasi hiyo kwa yaliyotokea 2025. Vingegaard alipitwa na Pogačar dakika 4 na sekunde 24. Hatua ya 5 pale Caen, kilomita 33 tambarare ambapo kila mtu anatoka peke yake kupambana na saa, alipoteza dakika 1 na sekunde 5. Mlima Hautacam, hatua ya 12, dakika 2 na sekunde 10. Kesho yake kupanda Peyragudes, tena kila mtu na saa yake, sekunde 36. Jumlisha siku hizo tatu: dakika 3 na sekunde 51. Hatua zote nyingine kumi na nane zilizobaki ziligawana sekunde 33, na sehemu ya hizo ni zawadi ya muda tu, kwa sababu hatua za kawaida humpa wa kwanza sekunde 10, wa pili 6 na wa tatu 4. Kwa hiyo msihangaike na hatua zote 21. Tafuteni tano au sita zinazouma, makadirio yenu yote yakae hapo.

Mimi ni msomaji wa Mwanga, Kigoma. Watangazaji wanasema "wati sita kwa kilo" kama vile kila mtu anajua. Ni kitu gani, na naweza kukipiga hesabu mwenyewe nikiwa natazama?

Unaweza, tena kwa kalamu na saa ya simu.

Wati ni nguvu inayoingia kwenye pedeli. Ukiigawa kwa uzito wa mwili unapata wati kwa kilo, na mlimani hicho ndicho kipimo kinachotenganisha watu, maana mwinuko ukifika asilimia 7 au 8 upepo haukuzuii sana. Unapigana na uzito wako.

Chukua Plateau de Beille kwenye milima ya Pyrénées. Urefu wake ni kilomita 15.8, mwinuko wa wastani asilimia 7.9. Asilimia 7.9 maana yake kila mita 100 za barabara zinakuinua mita 7.9, hivyo mlima mzima ni mita 1,248 za kwenda juu. Mwaka 2024 Pogačar aliupanda kwa chini kidogo ya dakika 40. Gawa mita 1,248 kwa dakika 40, zidisha kwa 60: ni kama mita 1,870 kwa saa. Sasa zidisha asilimia ya mwinuko kwa 10, ongeza 200. Hapa inakuwa 79 na 200, yaani 279. Gawa 1,870 kwa 279 upate 6.7. Hizo ndizo wati kwa kilo, kwa makadirio. Marco Pantani mwaka 1998 alitumia kama dakika 43 na nusu kwenye mlima huo. Fanya hesabu hiyo hiyo utapata 6.2 hivi.

Kanuni hii, tuseme ukweli, inatokana na Michele Ferrari, daktari wa Italia ambaye shirika la Marekani la kupambana na dawa za kusisimua misuli lilimfungia maisha mwaka 2012. Hesabu yenyewe haina kosa. Kumbuka tu ilikozaliwa unaposikia watu wakilinganisha miaka ya Pantani na ya leo.

Inadanganya pale mlima ulipo mfupi wa chini ya dakika 15, kwa kuwa watu wanatumia akiba ya mwili isiyodumu. Inadanganya upepo ukivuma kutoka nyuma, au mwinuko ukiwa chini ya asilimia 6, ambapo aliyejificha nyuma ya mwenzake anapata nafuu kubwa. Juu ya mita 2,000 hewa ni nyepesi na kila mtu anashuka, hivyo 5.8 ya huko inaweza kuwa kazi kubwa kuliko 6.2 ya chini. Na usichanganye milima ya wiki ya kwanza na ya wiki ya tatu. Linganisha mlima wa mwisho wa siku ndefu na mlima wa mwisho wa siku ndefu nyingine.

Kipande cha pili ni cha kwako wewe unayepandisha dumu la mawese kutoka ziwani hadi Mwanga. Mpanda milima wa kilo 65 anayesukuma wati 430 akiongezewa kilo moja tu, mlima kama Plateau de Beille utamchelewesha kwa sekunde 28 hivi. Chupa ya maji ya nusu lita ni sekunde 14. Ndiyo maana utawaona wakitupa chupa zilizojaa mlima unapoanza, halafu msaidizi analeta nyingine juu. Dumu la lita 20 za mawese ni kama kilo 18. Mfungie Pogačar dumu hilo nyuma kwa kamba ya mpira, umwache na nguvu zake zile zile, atachelewa zaidi ya dakika 8. Wewe unaipanda Mwanga na Phoenix ya chuma, wakati baiskeli yake kisheria haipaswi kuwa chini ya kilo 6.8 na haizidi hapo sana.

Niko Kasulu. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Kigali, jirani kabisa, na Remco Evenepoel akampita Pogačar barabarani kwenye mbio za kila mtu na saa yake, ilhali Pogačar alitangulia kutoka. Kwa nini basi Evenepoel hashindi Tour?

Kwa sababu ya siku moja. Huyo kijana ana siku 18 nzuri, na ya 19 inamvunja.

Tazama kumbukumbu zake. Alishinda Vuelta 2022, alikuwa wa 3 Tour 2024. Lakini Vuelta 2023, siku waliyomaliza juu ya mlima Tourmalet, alipoteza dakika 27. Ishirini na saba! Kesho yake akatoroka na kushinda hatua. Tour 2025 alikuwa wa 3 kwenye jumla, akashuka kwenye baiskeli hatua ya 14, kwenye Tourmalet huyo huyo, akaingia garini. Nguvu anazo. Mwili wake mdogo ulioinama chini ni hirizi mahali tambarare. Anaukata upepo kuliko mtu yeyote. Mlima mrefu ulio juu ya mita 2,000, katikati ya siku yenye milima mitatu, unaondoa faida hiyo yote na kuacha mapafu peke yake.

Na wiki moja baada ya kupitwa pale Kigali, Pogačar alishinda mbio kuu za barabarani, Evenepoel wa pili. Siku ile waliomaliza ni 30 tu. Mbio za siku moja zinakuonyesha dari ya mtu. Za wiki tatu zinataka uijue sakafu yake, na kwenye karatasi yako jina la Evenepoel liwe na mstari wa "siku mbaya" wenye angalau dakika 5, mpaka atakapokuthibitishia vingine.

Nipo Urambo. Ramani ya mbio ikitoka naona milima thelathini na kitu. Nitajuaje upi utaamua?

Usihesabu milima, hesabu inayofika mwisho. Mlima ulio kilomita 60 kabla ya kumaliza huchosha watu, mara nyingi hauwatenganishi, maana bondeni watashikana tena. Unaotenganisha ni ule ambao mstari wa kumalizia uko kileleni, wenye urefu wa kilomita 10 au zaidi, mwinuko wa asilimia 7 au zaidi. Alpe d'Huez ni kilomita 13.8 kwa asilimia 8.1, kona 21. Hautacam kilomita 13.5 kwa asilimia 7.8. Ukiona namba za aina hiyo mwishoni mwa hatua, weka alama.

Kisha tazama kilichotangulia siku hiyo. Hatua yenye mlima mmoja tu mwishoni huwapa nafasi watu wepesi wenye mlipuko. Hatua yenye milima mitatu mikubwa, saa tano barabarani, huleta mtu wa aina nyingine: yule ambaye wati zake hazishuki akishachoka. Wapo wanaosukuma 6.3 wakiwa wabichi na 5.5 baada ya saa nne, na wapo wanaosukuma 6.1 asubuhi na 6.0 jioni. Wa pili ndiye wa kuandika.

Ukweli wa mambo haya umejaa kwenye milima miwili. Col du Granon, Tour ya 2022: kilele mita 2,413, na kabla yake Galibier, mita 2,642. Timu ya Vingegaard ilimshambulia Pogačar Galibier kwa zamu, mara huyu mara yule, naye akawafukuza wote peke yake. Kwenye Granon akaishiwa, akapoteza dakika 2 na sekunde 51. Col de la Loze, 2023, mita 2,304: akapoteza dakika 5 na sekunde 45 kwa Vingegaard, akasikika redioni akiiambia timu yake kwamba amekwisha. Mwaka ule alikuwa amevunjika kifundo cha mkono mwezi Aprili kwenye mbio za siku moja za Ubelgiji, Liège–Bastogne–Liège, na mazoezi ya miezi miwili yalivurugika. Aliyesoma karatasi ya madaktari mwezi Aprili alikuwa na sababu ya kuandika dakika kadhaa dhidi ya jina lake kwenye wiki ya tatu.

Unaweza kuiona siku mbaya ikija kabla ya pengo kutokea. Kinara anaacha kukaa gurudumu la pili au la tatu, anateleza hadi la nane. Zipu ya jezi inafunguliwa mpaka kitovuni. Mabega yanaanza kuyumba, yeye aliyekuwa ametulia kama amechongwa. Halafu anaacha kula, na hapo ndipo hatari. Hawa watu hula wanga gramu 90 hadi 120 kwa saa wakiwa juu ya baiskeli. Kwa hatua ya saa tano ni kama nusu kilo ya sukari, na tumbo lililogoma siku ya 17 halipokei hata nusu yake. Akikosa mafuta hayo, mlima wa mwisho anapanda kwa akiba ambayo haipo. Pengo huanza mita moja nyuma ya gurudumu la mbele, linakuwa mita tatu, na mlimani mita tatu hazirudi.

Ujiji, Kigoma. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour 2024. Tumngoje kwenye njano?

Mzee wangu, mngoje kwenye kijani. Jezi ya kijani ni ya pointi, na Girmay aliitwaa mwaka huo huo wa 2024, Mwafrika wa kwanza kuibeba. Hiyo ni kazi ya kasi ya sekunde 15 za mwisho: misuli mizito, mlipuko, ujuzi wa kupenya kwenye viwiko. Akipunguza uzito ili apande Hautacam na kina Vingegaard, atapoteza kile kile kinachomlisha. (Mwaka 2022 alishinda hatua ya Giro, kizibo cha chupa ya mvinyo kikamruka jichoni akisherehekea jukwaani, akaondoka mbioni.) Kama ni mtu mwenye mizizi ya Afrika Mashariki kwenye njano, mmeshampata: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeichukua 2013, 2015, 2016 na 2017.

Naendesha baiskeli barabara ya Tabora–Nzega, kule hakuna mlima, ni upepo tu. Upepo una nafasi gani kwenye utabiri wa mbio za milimani?

Una nafasi, tena huja mapema, watu wakiwa bado wanangojea milima. Ukiendesha nyuma ya mwenzako kwa kasi unaokoa karibu theluthi ya nguvu. Upepo ukitoka ubavuni, kivuli hicho hakiko tena nyuma yake moja kwa moja, kinahamia pembeni. Watu wanajipanga kimshazari, na barabara ikijaa upana wake, aliyebaki ukingoni hana pa kujificha. Mnyororo unakatika hapo. Siku ya kwanza kabisa ya Tour 2025, eneo la Lille, Evenepoel na Primož Roglič walikuwa upande mbaya wa mkatiko huo wakapoteza sekunde 39, na mlima wa kwanza bado.

Kwenye karatasi yako, mpunguzie alama kinara ambaye timu yake imejaa watu wepesi wa milima peke yao. Anahitaji angalau wawili wenye vifua vipana wa kumbeba siku za tambarare. Hatua zinazopita kando ya bahari au mashamba yasiyo na miti ndizo za kutilia shaka, kama kule kwenu kiangazi mazao yakishavunwa na uwanda umebaki mtupu.

Gungu, Kigoma. Mtu wetu akiwa anaongoza kwa dakika moja na imebaki wiki moja, tulale?

Msilale. Angalieni kilichobaki njiani. Mwaka 2020 Roglič aliongoza Tour kwa sekunde 57 asubuhi ya hatua ya 20, kilomita 36.2 za kila mtu na saa yake, zikimalizikia juu ya mlima La Planche des Belles Filles. Jioni Pogačar alikuwa mbele kwa sekunde 59, na akiwa bado hajafikisha miaka 22.

Giro 2025 ni funzo zuri zaidi, maana haikuwa nguvu tu. Hatua ya 20, Colle delle Finestre: kilomita 18.5, asilimia 9 na ushee, karibu nusu ya juu ikiwa ya changarawe. Isaac del Toro anaongoza, Richard Carapaz sekunde 43 nyuma, Simon Yates dakika 1 na sekunde 21. Yates akaondoka. Del Toro akamtazama Carapaz, Carapaz akamtazama Del Toro, kila mmoja akingoja mwenzake avute. Mbele yao mwenzake Yates wa timu moja, Wout van Aert, alikuwa kwenye kikundi cha watoro tangu mapema, akamsubiri baada ya kilele akamvuta bondeni kuelekea Sestriere. Yates akashinda Giro kwa dakika 3 na sekunde 56. Na mlima huo huo ndio uliomvua jezi ya waridi, ile ya kinara wa Giro, mwaka 2018, siku aliyopoteza zaidi ya dakika 38.

Kwa hiyo dakika moja mbele ya mtu mmoja ni afadhali kuliko dakika moja mbele ya wawili wenye uwezo sawa. Ukiwa na mpinzani mmoja unamfuata yeye tu. Wakiwa wawili, unaweza kumfuata asiye sahihi. Andikeni pia timu gani ina mtu wa kutanguliza mbele; huyo ana thamani ya dakika nzima siku ya milima mitatu.

Mimi ni mwanafunzi wa kike hapa Tabora mjini. Mbinu hii inafaa Tour ya wanawake?

Inafaa, mdogo wangu, ila ni fupi: mwaka 2025 ilikuwa siku 9, hivyo kosa moja halina muda wa kufutika. Mwaka 2024 Demi Vollering alianguka hatua ya 5, akafika zaidi ya dakika moja na nusu nyuma. Akashinda hatua ya mwisho pale Alpe d'Huez, na bado Katarzyna Niewiadoma akachukua jezi kwa sekunde 4. Mwaka 2025 Pauline Ferrand-Prévot ndiye aliyeshinda jumla. Kimberley Le Court wa Mauritius alishinda hatua ya 5 na akavaa njano. Huyo mweke kwenye orodha ya hatua za vilima, milima mirefu si yake.

Isevya tena: ni lini tufunge majina?

Mara nyingi Tour huanza Jumamosi. Fungeni Alhamisi usiku, si kabla. Wiki ya mwisho ndiyo mafua na homa za matumbo huwatoa watu, na timu hubadilisha majina hadi dakika za mwisho. Kabla ya kufunga hakikisheni mambo matatu kwa kila jina: amekaa kambi ya mwinuko wiki mbili au tatu (Teide, Sierra Nevada, Livigno au mahali kama hapo), hajavunjika mfupa tangu Aprili, na amemaliza mbio zake za Juni bila kujitoa. Vingegaard alivunjika mtulinga na mbavu na pafu likapata tundu Aprili 2024, akaanza Tour bila kushindana hata mara moja tangu hapo, akamaliza wa pili. Ni mmoja kati ya wengi, msimfanye kanuni.

Mkitaka mchezo unoge, ruhusuni kila mtu kubadilisha jina moja siku ya kwanza ya mapumziko. Kwa saa zetu hatua nyingi humalizika kati ya saa 12 na saa 12 na nusu jioni, na mlima wa mwisho huanza kama dakika 40 kabla. Kaeni mapema, mwenye kibanda akiwasha jenereta mlima ukiwa umeshaanza mtakuta pengo limeshafunguka na hamjui nani alilifungua.